Gari Lililojua Kuomboleza

Juzi kwa fundi wa magari hapa Migori, kijana mmoja alikuwa karibu kulia kwa sababu redio ya gari lake jipya inakwaruza. Nikacheka peke yangu.

Miaka ya tisini nilikuwa na gari ambalo kila mlango ulikuwa na rangi yake, na mmoja niliufunga kwa kamba ya mbuzi. Gia ya tatu ilikufa kabla sijalinunua, kwa hivyo hata baiskeli zilitupita.

Siku ya kumzika baba mkwe huko Homa Bay, nilimsihi mke wangu tuliache nyumbani, mashemeji wasitucheke. Akanitazama kuanzia kichwani hadi viatuni.

"Kwa hivyo utamzika baba yangu kwa miguu?"

Tukaenda nalo. Njiani mashemeji walitupita wakipiga honi, vumbi likatufunika. Tulipoingia bomani tukijikokota, waombolezaji wote waligeuka. Mama mkwe akaja hadi kwenye gari. Hakuniangalia usoni, maana mkwe haangaliwi hivyo. Aliweka kiganja juu ya boneti, akakitoa upesi kwa joto, akawageukia wanawe.

"Nyinyi mmekuja mbio kama watu wanaenda mpira. Huyu peke yake ndiye amekuja pole pole, kama mtu amefiwa."

Mke wangu akanifinya mkono nisithubutu kutaja gia.

Tangu siku hiyo, kila msiba wa ukoo ule gari langu ndilo lililotangulia, na mashemeji na magari yao mazuri wakalifuata kwa gia ya pili, wakimeza moshi.