Waliobaki na Wazee

Walianza kumwita Katibu alipokuwa darasa la tano, kwa sababu mwandiko wake ulikuwa safi na kwa sababu hakujua kusema hapana. Kuna barua ya kuandika, aitwe Katibu. Kuna orodha ya wageni, Katibu yuko wapi? Jina likamganda. Alipofika miaka arobaini na nne, majirani wengi hawakujua kama ana jina jingine.

Kwa miaka kumi na tano alikuwa mtunza ghala katika duka kubwa la vipuri vya magari. Alijua kila bolti inalala wapi. Kazi yake yote ilikuwa ndani ya kompyuta, kwenye lahajedwali: namba ya kipuri, idadi, rafu, tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka. Mafundi walimtania kwamba hata akifa atapangwa kwenye rafu kwa herufi, naye alicheka nao, maana kusema kweli kazi ile aliipenda.

Kisha baba yao akapigwa na kiharusi. Mama alikuwa ameshafariki miaka sita nyuma, baada ya kuugua kwa muda mrefu, na aliyemuuguza ni Katibu. Kaka yao mkubwa alikuwa mpima ardhi. Leo yuko huku, kesho kule, viatu vyake havikauki matope. Dada, anayemfuata Kaka, alikuwa na duka la vitambaa, mume na watoto watatu. Katibu hakuwa na mume wala mtoto. Hakuna kikao kilichoitishwa. Aliomba ruhusa ya miezi mitatu kazini, na sasa ulikuwa mwaka wa tatu. Katikati hapo waliwahi kumweka mama mmoja wa kulipwa amsaidie. Mzee alifunga mdomo wiki nzima, akakauka kama ukuni, ikabidi yule mama aage.

Kila baada ya saa mbili Katibu alimgeuza baba ubavu, asije akaota vidonda. Alimlisha kwa kijiko, akamfuta kidevu, akamnyoosha vidole vya mkono wa kulia vilivyojikunja na kukataa kukunjuka. Mzee alikuwa amebakiwa na maneno machache, na aliyatoa moja moja, kwa kijasho. Meza ya sebuleni ilisogezwa mkabala na mlango wa chumba chake, ili Katibu akikaa aone miguu ya baba chini ya shuka.

Juu ya meza hiyo ndipo Kaka alipoitua kompyuta ya mkononi, Jumapili moja alipopita kuwasalimu.

"Katibu, wewe upo tu nyumbani," alisema. "Tuandikie historia ya ukoo. Mwisho wa mwaka tunakutana wote, kila mtu apate nakala yake."

Lile neno "tu" alilisikia, lakini alijibu kwamba sawa, atajaribu. Kaka akammwagia sifa, akabofyabofya mashine kuhakikisha inafanya kazi, akatazama saa, akamgusa baba begani na kuondoka.

Basi Katibu akafungua lahajedwali jipya na kulipanga kama alivyokuwa akipanga ghalani. Namba ya mtu. Jina. Baba yake. Mama yake. Mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kufa. Mwenzi. Watoto. Kazi. Alipozikwa. Na safu ya mwisho, ambayo kwake ndiyo ilikuwa na maana kuliko zote: nani kasema. Kipuri kisichojulikana kimetoka wapi huwa kinakuja kuleta ugomvi, na aliona watu nao ni hivyohivyo. Jambo la uhakika aliliacha jeupe. La kukisia alilipaka rangi ya manjano.

Majuma ya kwanza yalimpa raha ambayo hakuwa ameionja siku nyingi. Alitoa picha za zamani kwenye sanduku la bati akasoma maandishi ya nyuma kwa miwani ya baba. Alipigia simu ndugu ambao hakuwahi kusikia sauti zao. Baba mdogo mmoja alimpa miaka mitatu tofauti ya kuzaliwa katika mazungumzo yaleyale, na alipobanwa achague, akasema aandikiwe ule unaomfanya awe mkubwa kuliko mke wake. Kuna mzee aliyeingia mara mbili kwa majina mawili, akawa ndugu wa nafsi yake kwa siku nne, hadi ilipoonekana kwamba wote wawili wamemwoa mwanamke mmoja, mwaka mmoja. Katibu alicheka peke yake sebuleni mpaka baba akaguna kutoka chumbani kuuliza kulikoni.

Msaada mkubwa aliupata kwa Shangazi, binamu wa baba, mama mtu mzima aliyeishi mbali na aliyekuwa na kumbukumbu kali kama wembe. Kila alasiri mzee akisinzia, Katibu alimpigia. Kufikia mwezi wa tisa walikuwa na watu mia mbili na kumi na wawili.

Ndipo meneja wake wa zamani alipopiga simu. Kampuni ilikuwa inafungua tawi katika mji mwingine, safari ya siku nzima, na walitaka mkuu wa ghala. Hakuna mwingine aliyemfikiria, alisema. Nyumba ya kukaa ipo. Alichohitaji ni jibu ndani ya wiki tatu. Katibu alisema kwa utulivu kwamba atalifikiria.

Hakujua amwambie nani, akarudi kwenye jedwali. Safu ya mwenzi ilikuwa na mapengo mengi, hivyo akaona achuje wasio na kitu hapo, amuulize Shangazi kwa mkupuo mmoja. Akaondoa watoto na vijana. Akachuja tena, wabaki wasio na watoto. Watu mia mbili na kumi na wawili wakapukutika, na kwenye kioo wakabaki watano.

Wote walikuwa wanawake. Alidhani amekosea, akarudia, wakaja walewale. Mmoja alikuwa shangazi wa babu. Wa pili alikuwa dada wa babu, wa tatu dada wa bibi, na wa nne dada mkubwa wa baba mwenyewe. Katika safu ya kazi alikuwa ameandika maneno ya Shangazi, siku mbalimbali, bila kuyalinganisha: alibaki nyumbani, alibaki na mama yake, alibaki na wazee, alibaki. Mstari wa tano ulikuwa wake. Hapo kwenye kazi, Kaka alikuwa amejaza mwenyewe Jumapili nyingine alipopita kuwasalimu: yupo nyumbani.

Alikaa akiwatazama hadi kioo kikajizima chenyewe. Chumbani baba alikohoa, naye akainuka kama aliyevutwa kwa kamba.

Siku ya pili alimuuliza Shangazi kuhusu yule wa nne. Shangazi alianza kwa kucheka. Alisema marehemu alikuwa mshonaji wa kutajwa, mikono yake haikujua kukosea, na kwamba alipata kazi kwenye kiwanda cha sare, mbali, akafungasha. Wiki hiyohiyo mama yake akaanguka, miguu ikakataa. Kufika hapo Shangazi hakucheka tena.

"Alikuwa ameshapanda basi, mwanangu. Walimfuata stendi."

"Nani alimfuata?"



"Baba yako. Alikuwa na miaka kumi na tisa, alitumwa. Alirudi na begi kichwani, dada yake nyuma."

Alimuuguza mama yake miaka kumi na mmoja, na baada ya hapo baba yake miaka mitano. Alifariki akiwa na hamsini na mitatu katika chumba cha uani. Shangazi hakujua kama kuna aliyebaki na picha yake.

Katibu akaongeza safu moja zaidi kwenye jedwali: aliuguzwa na nani. Kuijaza kulimchukua siku nne za simu. Wengi haikujulikana, wakapakwa manjano. Lakini palipojulikana, majina yalikuwa yaleyale manne, yakijirudia kwenda chini, ukurasa hadi ukurasa, mpaka kufika kwa mama na baba yake, ambapo liliingia lake. Akapiga moyo konde, akawatumia Kaka na Dada faili lote, pamoja na habari za kazi na tarehe ya mwisho ya jibu.

Dada aliandika kwamba jina la binti yake wa mwisho limekosewa herufi moja. Kuhusu kazi hakuandika kitu. Kaka alipiga simu. Alianza kwa kumvisha kilemba cha ukoka, kwamba ukoo mzima haujawahi kuona kazi kama hiyo, kisha akakohoa.

"Ila hiyo safu ya kuuguza uitoe. Inasomeka kama mashtaka."

"Ni kumbukumbu, Kaka. Kila mstari una jina la aliyesema."

"Najua. Lakini siku ile tunataka watu wafurahi."

Katibu alimuuliza vipi kuhusu kazi. Kaka akavuta pumzi ndefu. Alisema kwamba yeye yuko porini nusu ya mwezi, Dada ana familia, na baba, kama Katibu mwenyewe alivyoona, akiguswa na mgeni anakakamaa mwili mzima. Wavute subira, mwakani wataona. Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililomnyima Katibu hata nafasi ya kukasirika.

Siku tatu kabla ya tarehe ya kutoa jibu aliichukua kompyuta hadi kitandani. Alikuwa na desturi ya kumsomea baba mistari miwili mitatu alasiri, na mzee alipenda kusikia majina. Siku hiyo alimsomea mstari wa marehemu dada yake, polepole, hadi safu ya mwisho. Baba alifumba macho. Machozi yalimtoka yakateremkia sikioni, kwa kuwa alikuwa amelala chali na hakuweza kujifuta.

"Nilimrudisha," alisema.

"Najua, Baba."

Akamfuta. Halafu, kwa kuwa hapakuwa na saa nyingine, akamweleza: ghala, mji, nyumba ya kukaa. Alizungumza taratibu ili asiyakose maneno. Baba alimsikiliza hadi mwisho, kisha kwa mkono wake mzima akamshika kiganja, akakibana kwa nguvu ambayo Katibu hakujua kama bado anayo.

"Nani atanigeuza?"

Hapakuwa na hila katika swali lile. Mzee alikuwa anauliza kweli, na alikuwa anaogopa. Wote wawili walijua kilichotokea stendi miaka ile, na kujua huko hakukubadilisha kitu.

Alimpigia meneja akasema haitawezekana. Meneja alisikitika, akamtakia mzee afya njema. Mazungumzo hayakufika dakika mbili. Alipoangalia saa, muda wa kumgeuza baba ulikuwa umewadia, akaenda.

Kaka alichapisha nakala arobaini bila ile safu. Jalada lilimtaja Katibu kwa shukrani za ukoo mzima. Siku ya mkutano, nyumbani kwa Kaka, hakuwepo, kwa sababu lazima mtu abaki na baba. Walimpigia simu ya picha, wakampungia mikono wakiwa wamejazana kwenye kochi, yule baba mdogo wa miaka mitatu tofauti ya kuzaliwa akapiga makofi. Alishukuru, akasema mtandao si mzuri, akakata.

Lakini Dada alikuwa bado na faili zima. Mwanzoni mwa mwaka alikuja peke yake, akakaa bila kuvua mtandio, akazungukazunguka habari za duka hadi Katibu akamwambia aseme lililomleta. Dada akasema kwamba alikuwa anarekebisha ile herufi ya jina la binti yake, jicho likaenda kwenye ile safu, akaisoma yote. Siku chache baadaye alimsikia mume wake akimsifia binti huyohuyo mbele ya wageni: huyu mtulivu ndiye atakayebaki na sisi uzeeni.

"Kila mtu alicheka," Dada alisema. "Mimi mwenyewe nilicheka. Baadaye jikoni nikawaza, ana miaka tisa."

Hakuomba radhi, wala Katibu hakungoja aombwe. Walikubaliana Jumamosi mbili kwa mwezi. Si zaidi, Jumamosi duka ndilo linauza, na Dada alilisema hilo mara tatu ili lieleweke. Katibu alimpigia meneja tena, akaulizia kama kuna kazi ya siku mbili kwa mwezi. Ipo, meneja alisema, ya kuhesabu mali katika ghala la zamani.

Jumamosi ya kwanza baba alikakamaa, akafunga mdomo, na Dada akapiga simu mara saba. Ya pili, mara tano. Katibu alijibu zote huku penseli iko sikioni: mto wa kushoto, dawa ya kupaka rafu ya pili, usimvute, msukume. Hakurudi nyumbani kabla ya saa, ingawa mara mbili alifika hadi geti la ghala.

Jumamosi ya nne simu haikulia kabisa. Ulikuja ujumbe tu, mchana: mzee amekula, vijiko sita. Katibu aliusoma amesimama katikati ya rafu za breki na mikanda ya feni. Kitu kilimpanda kifuani, na hakuweza kusema kama ni nafuu au ni wivu. Akasahau amefika namba ngapi, akaanza kuhesabu upya.