Tabo ya Alanyo

Asikudanganye mtu kwamba Alanyo alibahatisha. Huyu ni binti wa sajini Okidi, mzaliwa wa kambini, aliyejua Kiswahili cha amri kabla ya Kiacholi cha kubembelezea mtoto. Miaka kumi na moja alikuwa fundi wa pikipiki katika uwanja wa mafundi pale Kyebando, Kampala, mwanamke pekee, na kila kukicha alitakiwa kuthibitisha upya kwamba anajua kazi. Lilimchosha jambo hilo. Lilimuudhi pia.

Basi akaja Ambroise, Mkongomani mwenye duka la vitenge Nateete. Pikipiki yake ilikuwa jitu la safari ndefu lenye masanduku matatu, lakini likipanda milima ya kwenda Kasese likimbeba yeye, mkewe na mizigo, lilihema mpaka malori yakalipita.

"Dada, iongezee nguvu," aliomba.

Alanyo aliwaza siku mbili, akamwambia atamfungia tabo, kile chombo kinachozungushwa na moshi wa injini ili kiisukumie injini hewa zaidi. Aliing'oa kwenye kigari cha Kijapani kilichokwisha kufa.

Uwanja mzima ulicheka. Nashon, mwenyekiti wa mafundi, hakucheka.

"Tabo kwenye pikipiki? Ikipasuka tunaaibika sote! Nitaijaribu mwenyewe. Ikiharibika, beba spana zako, nafasi yako nampa mwingine. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Na asiyesikia la fundi je, mzee?" Alanyo akauliza. Nashon akaenda zake.

Wiki tatu alichomelea, akafungua, akafunga tena. Kila bolti aliyoikaza aliipaka rangi nyekundu ya kucha, kama baba yake alivyotia alama kwenye magari ya jeshi. Chuma hakikumtia hofu. Hofu yake ilikuwa Nashon. Mzee huyo alikuwa dereva wa bodaboda miaka kumi na tano, na bodaboda wa Kampala akiuona mteremko huzima injini, akaserereka bure, petroli ibaki. Mkono unafanya wenyewe, hauulizi. Lakini tabo ya moto inazunguka mno. Ukizima ghafla, oili inakatika na vyuma vinatafunana.

"Mzee, usizime mteremkoni," alimwambia.

"Unifundishe wewe? Nilianza kuendesha hujaanza hata shule!"

Alanyo aliwaka moyoni. Loo, alitamani kumtupia spana! Badala yake akarudi kwenye nyaya za pikipiki, akafanya kazi moja zaidi, hakumwambia mtu.

Jumamosi asubuhi, Ambroise akiwapo, masanduku yakajazwa mchanga badala ya mizigo. Nashon akapanda, akashika njia ya mlima wa Mulago. Muungurumo ukapaa, na juu yake filimbi nyembamba ya tabo. Alanyo alisimama mikono kiunoni.

Waliisikia kabla ya kuiona. Nashon aliingia uwanjani akitiririka jasho, ufunguo kaukamata mkononi, na injini bado inanguruma chini yake.

"Haizimiki!" akapiga kelele. "Hapo mteremkoni nimezima, nimechomoa kabisa! Ina shetani hii!"

"Ina swichi yangu," Alanyo akasema. "Ukichomoa ufunguo, injini inaendelea dakika tatu mpaka tabo ipoe. Nilijua utazima."

Wakasubiri wote, hakuna aliyecheka. Injini ikajizima yenyewe. Alanyo akafungua bomba la hewa, akalisukuma kwa kidole gurudumu dogo la mapanga ya tabo. Likazunguka laini, bila kukwaruza.

"Mlima umepandaje?" Ambroise akauliza.

Nashon akashuka. "Kama hakuna mlima," akakiri. Kisha akamgeukia Alanyo. "Haya, nafasi yako nakuachia."

"Hukunipa wewe, mzee," Alanyo akasema, akanyoosha kiganja cheusi kwa oili. "Lete ufunguo wa mteja wangu."