Njia ya Ziwani na Posa ya Shangazi Rebeka

Sisi tuliozaliwa Mbozi kabla lami haijafika Tunduma hatukujua kwamba kutembea ni starehe. Kutembea kulikuwa ndiyo maisha yenyewe. Ulitembea kwenda shule, ukatembea kwenda kanisani, ukatembea kwenda mtoni, na ukichelewa kurudi ulitembea tena mpaka kichakani kukata fimbo ya kuchapiwa wewe mwenyewe. Kwa hiyo mjukuu wangu aliponiambia juzi kwamba yeye na wenzake wanakwenda kutembea kwa miguu kandokando ya Ziwa Rukwa, nilimwuliza wanamfuata nani huko. Akasema hawamfuati mtu. Wanakwenda tu, wanazunguka, kisha wanarudi pale walipoacha gari. Nilimwambia arudie, maana nilidhani nimesikia vibaya.

Njia hizo za ziwani nazijua tangu utotoni, enzi za Mwingereza. Kila kiangazi, kahawa ikishachumwa na kuanikwa, akina mama wa kijiji chetu walishuka bondeni kwenda Ivuna kufuata chumvi. Usiku wa kuamkia safari nyumba nzima ilinuka viazi vya kuchoma na ugali wa ulezi uliofungwa kwenye majani ya mgomba. Ule ugali ukilala ndani ya majani hupata harufu ambayo mpaka leo nikiikumbuka mate yananijaa. Wajukuu zangu wanakwenda matembezi na biskuti za kwenye karatasi inayolia kama moto wa mabua, halafu wanalalamika kwamba hawajawaona wanyama. Mnyama gani atakaa asubiri kelele zile?

Mimi nilikuwa msichana mdogo, meno ya mbele yameng'oka, na mtu niliyempenda kuliko wote duniani alikuwa shangazi yangu Rebeka, dada mdogo wa baba. Mama alikuwa na mapacha mgongoni na tumboni kuna mwingine, kwa hiyo shangazi ndiye aliyenilea. Nililala kwake, nilikula kwake, alinisuka nywele huku akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti nzito isiyofanana na mwili wake mwembamba. Sikuwahi kufikiria kwamba siku moja ataolewa. Mtoto hufikiri watu wazima wamepandwa pale walipo, kama migomba.

Kumbe kulikuwa na kijana wa Ivuna, jina lake Elia, aliyekuwa akipandisha chumvi kuja kuiuza kwenye soko letu. Wazazi wake walikuwa wapika chumvi. Walikwangua udongo wa chumvi, wakauchuja kwa maji, wakachemsha maji yale kwenye vyungu mpaka chumvi ikabaki chini. Elia alimpenda shangazi, na shangazi, ambaye vijana wa kwetu walimwona ana maringo, alianza kupenda chumvi kupita kiasi. Nyumbani tulikuwa na chumvi ya kutosha kijiji kizima naye bado anakwenda sokoni. Hatimaye washenga wakaja. Babu hakuwa na neno, lakini bibi alikuwa nalo, tena si moja.

"Bondeni kuna mbu, kuna joto, na visima vyake vina chumvi," alisema bibi. "Mwanangu akilia huko, nani atajua machozi ni yapi na maji ni yapi?"

Babu, aliyekuwa mtu wa maneno machache, akamwambia, "Nenda ukapaone. Neno utakalorudi nalo, hilo ndilo langu." Basi ikawa hivyo. Bibi akiridhika, shangazi ataolewa. Bibi asiporidhika, posa inarudishwa, na kila mtu alijua kwamba bibi akishakataa, hata mchungaji hambadilishi.

Tulishuka watatu: bibi, shangazi na mimi, watu wa Ivuna wakiwa wameshaambiwa siku ya kufika kwetu. Jirani zetu wa kufuata chumvi walisema watatoka baadaye, watatukuta mbele. Siku ya kwanza ilikuwa ya kuteremka, magoti yakitetemeka, na joto likipanda kutoka chini kama ukifunua sufuria. Tukalala kwa ndugu wa bibi chini ya mlima. Asubuhi tukafika panda, mahali njia inapogawanyika. Njia ya juu ilipita kwenye mawe, imeukumbatia mlima. Ndiyo njia ya watu wa kwetu siku zote, kwa sababu watu wa milimani huogopa maji, viboko na mbu. Njia ya chini ilipita ufukweni, tambarare na laini, ikikatiza eneo ambalo serikali ilikuwa imekataza watu kuwinda. Mwaka ule ziwa lilikuwa limerudi nyuma sana, na ufukwe ulikuwa mpana, mkavu, kama uwanja wa shule.

Bibi alitazama mawe ya juu, akatazama magoti yake, kisha akanitazama mimi. "Tupite ziwani," akasema. "Mtoto aone ndege."

Kabla hatujaondoka alifanya jambo ambalo kila mtu wa enzi zetu alilijua. Alivunja tawi la msuku, mti wa matunda wa kwetu, akalifunga kwa fundo la nyasi, akalilaza kwenye mdomo wa njia ya juu. Tawi bichi likilala njiani, maana yake waliotangulia hawakupita hapa, usiifuate hii. Aliliweka kwa ajili ya wale jirani waliokuwa nyuma. Siku hizi watu wanapigiana simu kuulizana mko wapi, na bado wanapotezana sokoni.

Sijaona tena siku nzuri kama ile. Njia ilikwenda polepole pembeni mwa ziwa, hapana mlima, hapana mawe, mchanga ukipoa chini ya nyayo. Heroe walikuwa wekundu kule mbali hadi nikadhani ni kanga zimeanikwa. Mwari walielea na midomo yao mikubwa, na bibi akasema wanafanana na mzee mmoja wa kanisa letu, nikacheka mpaka kikapu kikaniponyoka kichwani. Sheshe, wale swala wa mabondeni, walisimama kwenye nyasi wakatutazama bila hofu. Tulikutana na askari wa Bwana Nyama, mlinzi wa wanyama wa serikali, kaptula yake ya kaki imepigwa pasi ikawa ngumu kama ubao. Akatuamuru tusiwakimbize wanyama wala kuwatupia mawe. Bibi akamjibu kwa heshima zote, "Mwanangu, mimi ninavyokwenda hivi, unaniona naweza kumkimbiza nyati?" Shangazi alicheka siku nzima. Alikuwa na furaha ya mtu ambaye anajua nani anamngoja.

Hapo lazima niwaeleze vijana jambo moja, wenzangu mnalijua. Kwetu mgeni hupokelewa njiani. Mwenyeji hutoka akatembea, akakutana nawe, akakutua mzigo kichwani na kuubeba yeye. Kadiri alivyotoka mbali ndivyo alivyokuheshimu. Na mama mkwe anayekuja kuona nyumba, huyo hupokelewa mbali kweli.

Tulipita mkwaju wa kwanza, hapakuwa na mtu. Tukapita wavuvi waliokuwa wakianika perege, hapakuwa na mtu wa kutupokea. Nilimwona shangazi akinyoosha shingo kila kona. Wimbo wake ulikatika katikati na hakuuanza tena. Jua likainama, moshi wa wapika chumvi ukaonekana, mbwa wakabweka, na tukafika mlangoni kwa akina Elia na mizigo yetu kichwani kama wachuuzi.

Mama yake Elia alitoka mbio, mikono imejaa unga. "Karibuni, karibuni sana mama. Nipe mzigo."

Bibi alishika kikapu chake kwa mikono miwili. "Mzigo wa mgeni hupokelewa njiani, mama. Nikishafika mlangoni nao, nimejipokea mwenyewe."

"Lakini Elia ametoka alfajiri kuwafuata."

"Nimepita njia yote tangu asubuhi. Sikukutana na mtu yeyote zaidi ya wavuvi na askari wa Bwana Nyama."

Mama yule akashika mdomo wake kwa mkono wenye unga. Hata yeye alikuwa hajui mtoto wake yuko wapi. Bibi hakugomba. Afadhali angegomba. Aliomba maji, akayanywa amesimama, mzigo ukiwa kichwani, akashukuru, kisha akageuka. Alisema tutalala kwa wavuvi na asubuhi tutarudi kwetu.

Shangazi alimfuata. Hakuuliza, hakubembeleza. Machozi yalimtiririka usoni na kikapu kichwani hakikutikisika hata kidogo. Mimi nilikuwa nimeshika upindo wa nguo yake. Safari nzima nilikuwa nikiomba Mungu kimya kimya asiolewe, abaki na mimi. Sasa nilikuwa ninapata nilichokiomba, na nikaona kwamba sikitaki.

Hatujafika mbali tukamwona mtu anakuja mbio kutoka kule kule tulikotoka sisi asubuhi, ufukweni. Alikuwa Elia. Amejaa vumbi mpaka kwenye kope, kidole cha mguu kinatoka damu, na mkononi amebeba tawi. Alipiga magoti mbele ya bibi, akashindwa hata kumsalimu kwa kuhema, akalilaza lile tawi miguuni pake.

Bibi alikitua kikapu mwenyewe, akaliokota. Msuku huota milimani. Bondeni kule hauko. Akaligeuza, akaliona fundo lake la nyasi, fundo la mkono wake mwenyewe.

"Nilipita njia ya juu, mama," Elia akasema pumzi iliporudi. "Watu wa kwenu hawapiti kwenye maji. Nilipofika panda nikalikuta hili, majani hayajanyauka. Nikajua mmepita chini. Nimewafuata."

Alikuwa ametoka kutupokea mbali kuliko mwenyeji yeyote tuliyewahi kumsikia, mpaka chini ya mlima wetu, na akarudi kwa njia ya pili bila kupumzika. Bibi alimtazama shangazi, akamtazama kijana, akaanza kucheka taratibu, mabega yakimtikisika.

"Tawi hili nililiweka kwa ajili ya wanaonifuata," akasema. "Sikujua kwamba anayenifuata ni mkwe. Inuka, baba. Beba mzigo."

Tulirudi kwa akina Elia, tukala perege wa mchuzi hadi tumbo likanibana. Kesho yake mchana jirani zetu wakafika, miguu imechubuka, wana hasira. Walikuwa wamefika panda, hawakukuta tawi, wakashika njia ya juu ya mawe kama kawaida yao. Walimfokea bibi kwamba uzee umemsahaulisha mila. Bibi akawaonyesha Elia. "Mgombezeni huyu," akasema. "Alikuwa na haraka ya kuoa."

Shangazi aliolewa Ivuna. Nililia wiki nzima, lakini kila kiangazi tulishuka, na sasa aliyetoka kutupokea alikuwa yeye. Mwaka wa kwanza alikuja mpaka pale panda, mtoto yuko tumboni, akanitua kikapu na kunibeba mimi badala yake, ingawa nilikuwa mkubwa. Miaka ikapita, ziwa likapanda, likashuka, mimi nikaolewa Vwawa, lakini nilikwenda. Alipoanza kuumwa mgongo alinipokea kwenye mkwaju. Baadaye akawa ananipokea kwa wavuvi. Baadaye mlangoni, ameshika mwimo. Mara ya mwisho alinipokea akiwa kitandani. Aliinua mkono mmoja tu, akaushika mkoba wangu, akauweka kifuani mwake.

Mjukuu wangu alinichukua juzi kwa gari mpaka huko ziwani, mimi na wenzake. Ni watoto wazuri, wana viatu vyenye meno na kofia na chupa za maji za kila rangi, na kila baada ya hatua chache wanasimama kujipiga picha. Njia bado ni nyepesi, bado inakwenda polepole, hata mimi na magoti haya niliiweza kipande. Heroe wapo. Upepo ule ule. Nilitembea na mkoba wangu mkononi, na kila walipotaka kunisaidia kuubeba niliwakatalia.

"Bibi, umechoka?" mjukuu wangu akaniuliza. "Mbona unasimama kila kona?"

Nilimwambia sijachoka, watangulie tu. Sikutaka kumharibia siku yake. Alikuwa na vijana wenzake, na yeye hajui kwamba kule mbele hakuna mtu aliyetoka kunipokea.