Bulaimu Aliyejibu Ndiyo

Hapa Kabambare, zamani, mgonjwa wa akili hakuitwa mbele ya wakubwa peke yake. Mjomba wake alikaa kando yake na kumsemea, na wazee walisikiliza. Wajomba wale tumewazika, na desturi yao tumeizika pamoja nao, bila hata matanga.

Bulaimu aliuza mafuta ya mawese kule Wamaza mpaka sauti zilipomwingia kichwani. Tangu hapo aliishi nyuma ya nyumba ya dada yake Rachida, mshonaji. Mengi yalimtoka, malezi hayakumtoka. Mkubwa akimwuliza neno, neno lolote, hujibu, "Ndiyo."

Ghala la mpunga la Magloire lilipoungua, Bulaimu alikutwa asubuhi akichoma ndizi kwenye makaa ya ghala hilo. Polisi wakaagiza aletwe. Rachida alifanya kama mama yao angefanya, maana mtu haendi mbele ya serikali akiwa mchafu. Alimwogesha, akamnyoa, akamvika kanzu iliyopigwa pasi. Mlangoni pa kituo, Rachida akaambiwa angoje nje.

Ofisa aliona mtu safi, mwenye adabu. Alimwuliza kama ndiye aliyechoma ghala, na kama alikuwa na chuki na Magloire. Yote ndiyo. Yakaandikwa; Bulaimu akatia dole gumba kwenye wino, akalipiga chini ya maandishi, akashukuru, akafungiwa kasho, chumba cha mahabusu.

Niliposikia, mimi jirani yao, nilikwenda kituoni na Rachida. Nilimwambia ofisa kwamba Katiba inampa aliyekamatwa haki ya kuwasiliana mara moja na jamaa zake au wakili, na kwamba mgonjwa huyu hakujua hata anaulizwa nini.

"Mugonjwa gani, muzee?" akasema. "Wenye wazimu nawajua, wanatembea uchi. Huyu iko safi kukupita weye."

Askari wake wakacheka. Rachida akaomba amwulize ndugu yake swali moja tu. Wakamtoa.

"Bulaimu, mama yetu, ni weye ulimuua?"

"Ndiyo, dada."

"Mama alikufa na homa, shefu," Rachida akasema. "Alikufia mikononi mwangu."

Kicheko kikaisha. Ofisa akasema maandishi yamekwisha kwenda mahakamani Kasongo kwa pikipiki, na Bulaimu mwenyewe atayafuata.

Huko Kasongo, hakimu alimkalisha Rachida kando ya ndugu yake, akawasikiliza wote wawili, akayakataa maandishi yale. Hakukuwa na shahidi yeyote aliyemwona na moto. Bulaimu akaachiliwa.

Lakini mji huu hausomi uamuzi wa hakimu. Watu wanasema alikiri kwa kinywa chake mwenyewe, na hilo linawatosha. Nyumba zilizokuwa zikimpa sahani bila kuuliza sasa zinafunga milango. Asubuhi anapita, anabisha hodi. Ndani watu wananyamaza, watoto wanazibwa midomo. Bulaimu anangoja kidogo, anajijibu mwenyewe, "Karibu," kisha anakwenda kubisha mlango unaofuata.