Mstari wa Zabibu Chachu

Mkasi wa kupogolea haukumtoka mfukoni hata siku ya msiba, ndiyo maana shambani walimwita Bibi Mkasi. Miaka thelathini aliihudumia mizabibu ya kaka yake, lakini moyo wake ulikuwa kwenye mistari sita ya zabibu nyeupe ambazo wakulima wengine walikwishazikataa. Hawakukosea sana. Ni zabibu yenye maringo: ganda jembamba, huiva wenzake wakiwa wameshavunwa zamani, na kichala kizima kina punje chache tu. Lakini divai yake, jamani! Rangi ya dhahabu, harufu ya asali, na uchachu kidogo unaokaa ulimini muda mrefu.

Tena maua yake ni ya kike matupu. Bila chavua ya zabibu nyingine jirani, haizai. Kwa hiyo Bibi Mkasi na kaka yake walipanda katikati mstari mmoja wa zabibu nyeusi, chachu za kukunja uso, ambazo kazi yake ilikuwa kuchanua basi. Walilijua hilo wao wawili, na hawakuliandika popote.

Kaka akafa. Shamba likashikwa na mwanawe, msomi, mtu wa michoro. Kwenye kikao chake cha kwanza pale ghalani alimtambulishia mgeni wafanyakazi mmoja mmoja. Alipofika kwa shangazi yake akasema, "Na huyu ni kibarua wetu wa siku nyingi."

Kibarua! Yeye aliyembeba mgongoni!

"Huu mstari wa katikati tunaung'oa," msomi akaendelea, kidole kwenye mchoro. "Zabibu zake hazifai. Kuna mwenye la kusema? Shangazi?"

"Mimi kibarua tu, baba. Fanya utakavyo."

Watu wakacheka. Alikusudia kusema kesho, hasira zikitulia. Kesho yake alikuta mizizi iko juani.

Hata hapo angesema, wangepanda upya. Hakusema. Mimi simtetei, kilikuwa kisirani: alitaka msomi aje ampigie magoti. Msimu ukafika, mistari sita ikachanua, ikanukia, kisha maua yakapukutika. Vikabaki vijiti vitupu na punje mbili tatu, ndogo kama mtama.

Msomi hakupiga magoti. Alikuja na trekta.

"Mizabibu imezeeka, Shangazi. Imechoka."

Ndipo akasema yote mbiombio, ameshikilia shina: ya maua, ya chavua, ya mstari ule. Msomi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Siku ile ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza."

Damu yao moja, na kisirani chao kimoja. Msomi akamwashiria dereva aendelee.

Bibi Mkasi akakata kijiti kimoja akakipande nyuma ya chumba chake. Alikuwa amefika mlangoni alipokumbuka kwamba peke yake hakitazaa.