Nilimkataza mama kuchoma nyasi zake

Wakuu, salamu kutoka Bujumbura. Haya ni ya kweli tupu, na mwenye kosa ni mimi, kwa hiyo msinionee huruma.

Mimi ni mtumishi wa serikali, naishi Ngagara. Mama yangu ni mjane, yuko peke yake mlimani juu ya Kanyosha. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mizinga sita ya nyuki aliyoiacha marehemu baba. Mama alikuwa anaisalimia kila asubuhi. Msicheke.

Kila kiangazi kikianza, nyasi zikiwa bado nusu mbichi, yeye na majirani walichoma ukanda mwembamba kuzunguka nyumba na mizinga. Asubuhi, umande haujakauka, kila mtu na tawi bichi la kupigia moto. Wakimaliza wanakunywa uji.

Basi mimi nikaenda semina moja ya mazingira. Tukaambiwa moto ni adui. Nikapanda mlimani na kiherehere changu, nikamkataza.

"Mutoto wangu, hii nyasi tusipoichoma kidogo sasa, itaungua yote mwezi wa nane."

"Apana, Mama. Utaungua we mwenyewe."

Alikubali kwa sababu ananipenda. Hakuna sababu nyingine.

Miaka miwili nyasi zikajaa hadi kiunoni. Mwezi wa nane mwaka jana jirani akanipigia: moto unashuka mlimani. Nilitoka ofisini bila kuaga. Simu ya mama inaita tu, haipokelewi. Wakuu, njiani nilisali sala zote ninazozijua, hata zile za utotoni.

Nilimkuta katikati ya shamba lake la viazi vitamu, kajifunika blanketi lililolowa, uso umejaa masizi. Majani yale mabichi ndiyo yaliyomwokoa. Nyumba ilipona, jiko likaungua. Mizinga yote sita iliteketea.

Nilipiga magoti nikalia, nikisubiri anigombeze. Akanipangusa uso kwa ncha ya kitenge.

"Nyamaza. Ulikuwa unanichunga."

Ningetukanwa ingekuwa nafuu.

Mwaka huu kiangazi kilipoanza niliomba ruhusa kazini, na ruhusa ya kuchoma kwa mkuu wa kilima, kiongozi wa eneo la mama. Mama akanikatia tawi, akanionyesha namna ya kuwasha ili moto uende ukipingana na upepo.

"Usiukimbize. Tembea nao."

Nililishika tawi kama bunduki, akacheka. Kisha tukanywa uji.

Sisemi mtu awashe ovyo, moto wa kiangazi kikali bado naulaani. Ila nilidhani moto ni wa kupigwa marufuku tu, kumbe mama alikuwa anaishi nao kwa adabu zake, na mimi sikumuuliza hata swali moja.

Kwenu moto wa nyasi mnaishi nao vipi? Wazee wenu wanafanyaje? Andikeni hapa, nitamsomea mama.

Niliweka mzinga mmoja mpya, ukakaa mtupu kwa wiki nyingi. Jumapili mama alinipigia. Aliisogeza tu simu kwenye mzinga nisikie mvumo, halafu nikamsikia anawasalimia nyuki.