Ngamia wa Kumnyamazisha Ramlo

Katika soko la mifugo la Garissa, hakuna mbuzi aliyepita mikononi mwa Ramlo bila kufunuliwa mdomo. Mwenye mbuzi aape, alie, amtaje marehemu babake, Ramlo atamshika mnyama taya, ataangalia meno, atataja umri wake, na bei itaanzia hapo. Wenye mbuzi wazee wakimwona kwa mbali hugeuza njia. Ila mbuzi wa ndugu hakuwahi kumfunua. Kwa watu wake, Wasomali, ndugu au shemeji akishasema wallahi, kumfunua mnyama wake mdomo mbele za watu ni kumwita mwongo mchana kweupe. Ramlo alikuwa mwanamke mkali kama pilipili, lakini adabu hiyo aliishika tangu utotoni.

Na adabu hiyo ndiyo iliyomponza.

Ogle, mwenye duka la saruji na mabati, alikuwa shemeji. Dadake aliolewa na Bishar, kaka mkubwa wa Ramlo. Siku ya kuuza nyumba walikaa watatu barazani, Ogle, Bishar na Ramlo, wakinywa chai ya maziwa ya ngamia. Nyumba ilikuwa nyeupe pepepe, mabati yanaumiza macho kwa kung'aa.

"Ina miaka sita tu, wallahi," Ogle alisema, akijipiga kifua. "Mimi mwenyewe nilisimamia mafundi tangu msingi."

Ramlo alikuwa ameuza mbuzi wake wote, hata wa maziwa, ili mama yake, Bi Faduma, ambaye miguu ilikuwa imekataa kazi, apate kulala chini ya paa lisilovuja. Alitia sahihi karatasi iliyotaja kiwanja na bei, basi. Umri wa nyumba haukuandikwa. Angedaije uandikwe, na shemeji ameshaapa?

Mvua za kwanza ziliponyesha, ukuta wa chumba cha mama ulipasuka kutoka juu hadi chini. Lipu mpya ilibanduka vipande vipande, na ndani yake matofali yalikuwa yanamomonyoka ukiyagusa kwa kidole. Ramlo alimhamishia mama sebuleni, akaenda dukani kwa Ogle.

"Ardhi ya karibu na mto hucheza, abaayo, dada yangu," Ogle alimwambia, wala hakuinuka kitini. "Hata nyumba mpya hupasuka. Nitakuuzia saruji kwa bei ya ndugu."

Bei ya ndugu! Na Ramlo, Mungu amsamehe, alinunua ile saruji, akaziba.

Huenda angeendelea kuziba hadi leo kama si Muslimo. Muslimo ana duka dogo kule Dagahaley, na siku hiyo alikuwa amekuja mjini hospitalini. Alibisha hodi, akaomba radhi, akasema anataka tu kuiona nyumba aliyoolewa.

"Aliyoolewa nani?" Ramlo akauliza.

"Mimi. Nililetwa hapa bibi harusi. Binti yangu Ikran nilimzalia katika chumba kile, mwaka wa Elnino, maji ya Tana yakiwa yamefika kwenye kizingiti. Mume wangu alipohamia Elwak ndipo akamwuzia Ogle." Muslimo alipapasa ukuta, akacheka. "Wameipaka poda, lakini ni ileile."

Huyo Ikran sasa ni mama wa watoto watatu. Ramlo aliketi chini palepale sakafuni. Hakujua amchukie nani kwanza, Ogle aliyedanganya au yeye mwenyewe, bingwa wa meno ya mbuzi, aliyeuziwa mbuzi kizee aliyepakwa chokaa.

Alimtaka Bishar aende naye kwa Ogle. Bishar akamwambia atulie, mambo ya ndugu yana wazee wake. Wazee wakakaa kikao cha maslaha, yaani cha kupatanisha. Wanaume watupu, kwa kuwa katika kikao hicho mwanamke husemewa na ndugu yake. Ramlo alingoja nyumbani akipika chai ya watu wanaogawana haki yake. Jioni Bishar alirudi akitabasamu.

"Yamekwisha, walaal, dada yangu. Ogle amekubali kosa. Ametoa ngamia wawili majike, na Fatiha ya kufunga mapatano imesomwa."

"Na nyumba?"

"Nyumba ni yako, rekebisha. Tusiaibishane."

"Nani aliniuliza mimi?" Ramlo alifoka, sauti ikafika mtaa wa pili. "Mama yangu ndiye atakayeangukiwa na ukuta, si wewe! Utamwambia ukuta kwamba Fatiha imesomwa?"

Bishar alivaa viatu, akatoka. Na wale ngamia? Ramlo hakuwaona hata mkia. Walipelekwa Hulugho, kwenye kundi la Bishar, eti huko kuna malisho.

Ndipo alipokwenda kwa Mueni, wakili kutoka Ukambani, mwenye ofisi juu ya duka la dawa. Mueni hakumpaka mafuta. Alimwambia kwamba mtu akikudanganya jambo kubwa ili ununue, na ukanunua kwa sababu ya uongo huo, mahakama inaweza kuvunja mauzo na kuamuru urudishiwe pesa zako.

"Lakini kuna vizingiti viwili," Mueni akasema. "Karatasi haitaji umri, kwa hiyo lazima tuthibitishe alisema hivyo. Na ukishapokea fidia, watasema kesi ilikwisha. Wewe umepokea ngamia?"

"Mimi nataka haki yangu, si ngamia. Hiyo ngamia mimi hata kuona sijaona."

"Basi nenda ukawaone."

Ramlo alipanda lori la mizigo hadi Hulugho, akiwa na nia ya kuwaswaga mwenyewe na kuwafunga mlangoni kwa Ogle. Aliwakuta kisimani. Shingoni walikuwa na chapa ya moto, kidonda hakijapona vizuri. Ilikuwa chapa ya Bishar. Kwa wafugaji chapa haina mjadala: ngamia ni wa mwenye chapa. Kaka yake alikuwa amelipwa kwa ajili ya ukuta wa mama yao, akajichapia malipo. Ramlo alilia kwa hasira, kilio cha kusaga meno, kisha akatoa simu akapiga picha.

Mueni alizitazama picha moja moja. "Aliyelipwa si wewe," akasema. "Twende mahakamani."

Mtaa ulimnunia. Wake za wazee waliacha kumsalimu. Bishar alipoombwa awe shahidi alisema hakumbuki Ogle alisema nini. Eti alikuwa anakunywa chai.

Mahakamani Muslimo alieleza habari za harusi yake, za Ikran na mafuriko, na kila mwenye umri wa kukumbuka Elnino alitikisa kichwa kukubali. Kisha Ogle akapanda kizimbani, kanzu imepigwa pasi, akaweka mkono juu ya Msahafu.

"Sikumwambia lolote kuhusu umri," alisema. "Hakuuliza, sikusema."

Mueni alimwuliza swali hilohilo kwa njia nyingine, na nyingine tena, kwa sauti ya upole wa kuudhi. Uzalendo ukamshinda Ogle.

"Huyu mwanamke hana shukrani!" alifoka. "Ngamia wawili nimetoa! Hiyo miaka sita yake nimeshailipia! Muulizeni kaka yake!"

Hakimu aliinua macho.

"Kama hukusema lolote, Bwana Ogle, ngamia ulilipia nini?"

Mueni akatoa picha za chapa, akazipeleka mbele taratibu.

Mauzo yalivunjwa. Ogle akaamriwa kurudisha pesa zote, na siku Ramlo alipomtoa mama yake katika nyumba ile hakugeuka nyuma. Yuko nyumba ya kupanga sasa, anatafuta ya kununua, na kila muuzaji hudaiwa maandishi ya umri wa nyumba, awe ndugu, awe sheikh.

Alirudi sokoni. Siku moja Bishar alimjia na mbuzi jike, akijichekesha kama vile hakuna lililotokea.

"Ana miaka miwili, walaal, wallahi."

Soko zima lilikuwa linatazama. Ramlo alimkazia kaka yake macho, akapiga goti vumbini, akamshika yule mbuzi taya, akamfunua mdomo.